Ngazi, daraja na mbavu za kioo bila fremu nzito: matabaka mangapi, utando upi?

MchoroWaPili aliuliza:

Wakuu, naomba msaada wa wanaojua kioo cha lamineti (matabaka ya kioo yaliyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki) kinachobeba mzigo, si kile cha dirishani.

Mradi ni ukumbi wa ghorofa mbili. Kuna ngazi yenye vipandio vya kioo, kila kipandio kinavuka mita 1.1 kati ya mihimili miwili ya pembeni na kina upana wa sm 30 wa kukanyagia. Kuna daraja la ndani la mita 3 kwa 1.2 linalounganisha pande mbili za ghorofa ya juu. Halafu kuna ukuta wa mbele wa mita 6 kwenda juu, unaoshikiliwa na mbavu za kioo badala ya nguzo za chuma. Sehemu moja ya ukuta huo inapinda kidogo, nusu kipenyo mita 15.

Msambazaji kapendekeza mm 10+10 ya tempa (kioo kilichoimarishwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla) na PVB (utando laini wa kawaida) ya mm 0.76 kila mahali. Hoja yake ni kwamba tempa ina nguvu mara nne au tano ya kioo cha kawaida, kwa hiyo hakuna haja ya mahesabu marefu. Je, yuko sahihi? Na ule mpindo wa ukutani, unaweza kupatikana bila kupeleka kioo kwenye tanuri la kukunjia?

Mkazo_na_Mpindo alijibu:

Mkuu, usikubali. Kioo cha kukanyagwa hukaguliwa kwa kuchukulia kwamba kimeshavunjika, kisha unauliza: aliyesimama juu yake anabaki wapi? Hapo ndipo 10+10 ya tempa yenye PVB inapofeli vibaya.

Tempa ikipasuka husambaratika yote kwa mara moja kuwa punje ndogo. Punje zinabaki zimegandamana na PVB, kweli, lakini hakuna kipande kikubwa cha kupitisha nguvu kutoka egemeo moja hadi jingine. Matabaka yote mawili yakivunjika, paneli inalegea kama shuka lililolowa na kuchomoka kwenye egemeo lake. Tempa nusu, yaani kioo kilichopashwa moto vilevile lakini kikapozwa taratibu zaidi, hupasuka vipande vikubwa vyenye nyufa zinazoenda hadi ukingoni. Nyufa za tabaka la juu hazikai juu ya nyufa za tabaka la chini, kwa hiyo vipande vinavukiana na paneli inabaki na ukakamavu fulani.

Gharama yake ni nguvu ndogo zaidi. Kwa viwango vya Ulaya, nguvu bainifu ya kupinda ni MPa 45 (MPa ni kipimo cha mkazo) kwa kioo cha kawaida, 70 kwa tempa nusu na 120 kwa tempa kamili. Kwa upande mwingine, tempa kamili inaweza kupasuka yenyewe bila kuguswa kutokana na chembe za salfaidi ya nikeli zilizonaswa ndani ya kioo. Kukioka tena kwa majaribio kiwandani, karibu nyuzi 260 za Selsiasi, hupunguza hatari hiyo sana lakini hakuifuti. Kwenye tempa nusu tatizo hilo si la kukunyima usingizi.

Sasa utando. PVB ya kawaida huanza kulegea kwenye joto la chumba tu. Ayonoma (ule utando mgumu, unauzwa kwa unene wa mm 0.89, 1.52 na 2.28) inashikilia ugumu wake hadi kukaribia nyuzi 55, na chini ya hapo ukakamavu wake dhidi ya mkazo wa mkato unaweza kufika mara 100 ya PVB. Hilo ndilo linaloamua kama matabaka yako yanafanya kazi pamoja au kila moja linapinda kivyake.

Tuchukue kipandio chako. Matabaka 3 ya mm 12, urefu mita 1.1 kati ya maegemeo, upana mm 300, mzigo wa kN 2 (kama kilo 200) katikati, bila kuhesabu unene wa utando na kabla ya vigezo vya usalama. Momenti (athari ya kupinda ya mzigo) ni 2000 × 1100 ÷ 4, yaani N·mm 550,000. Matabaka yakiteleza kila moja peke yake, mkazo ni kama MPa 25 na kipandio kinashuka mm 6. Yakishikamana kikamilifu, mkazo unakuwa MPa 8.5 na kushuka ni mm 0.7. Kioo ni kilekile, tofauti ya mpindo ni mara 9. Ayonoma inakusogeza karibu na hali ya pili. PVB iliyobeba mzigo wa muda mrefu (watu waliosimama, chungu kikubwa cha maua) inakurudisha kwenye ile ya kwanza.

Kisha fanya hesabu ya ajali: tabaka la juu limevunjika, lihesabu kama uzito mfu tu, mawili yaliyobaki yachukulie hayashirikiani. Unapata MPa 38 na mpindo wa mm 9. Mtu anahisi kipandio kinacheza lakini kinabeba. Hesabu hii ni ya mkono, mzigo umekaa katikati ya upana. Ukihamia kwenye ukingo wa mbele mkazo unapanda, na hapo mhandisi wako aufanyie modeli ya kompyuta, asikisie.

Kwa hiyo vipandio: 12+12+12 tempa nusu, ayonoma mm 1.52. Kila kimoja kina uzito wa kama kilo 30 (kioo ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba kwa kila mm ya unene), wawili wanakibeba.

Daraja lisivuke mita 3. Pitisha mihimili pande mbili ndefu ili kioo kivuke mita 1.2 tu, na ligawe paneli mbili za mita 1.5. Paneli moja ya mita 3 kwa 1.2 yenye mm 36 za kioo ina kilo 324, na siku ikipasuka utajua kwa nini nimesema mbili.

SaitiNaKiwanda alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia. Naongeza yale yanayoharibika kiwandani na saiti, kwa sababu michoro mingi ya kioo ni sahihi hadi pale inapofika kwa anayekata.

Kwanza, 0.76 kati ya matabaka mawili ya tempa ni nyembamba mno. Kioo kikipita kwenye rola za tanuri hutoka na mawimbi madogo. Ukibandika matabaka mawili yenye mawimbi, utando mwembamba hauwezi kujaza mabonde, unabaki umevutwa, na baada ya muda mapovu yanatokea karibu na ukingo. Kwa tempa au tempa nusu omba 1.52. Ile 0.38 ni ya kioo cha kawaida kisichopashwa moto.

Pili, jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu ayonoma: kioo cha float (shiti bapa za kawaida, zinazotengenezwa zikielea juu ya bati lililoyeyuka) kina upande uliogusa bati hilo na upande uliogusa hewa, na ayonoma inashika vizuri zaidi upande wa bati. Matabaka mawili ni rahisi, unageuza pande za bati zitazamane. Matabaka matatu haiwezekani: tabaka la katikati lazima liweke upande wake wa hewa kwenye utando mmojawapo. Upande huo upakwe kiungo cha kuongeza mshiko kabla ya kubandikwa. Muulize mtengenezaji anafanyaje. Akikosa jibu, tafuta mwingine. Upande wa bati unaonekana kwa taa ya urujuanimno, unatoa mng'ao wa maziwa.

Tatu, kila tundu na kila pembe inakatwa na kung'arishwa kabla ya tanuri. Baada ya tempa huchimbi tena, kioo chote kinalipuka. Kipenyo cha tundu kisiwe chini ya unene wa kioo. Umbali kutoka mdomo wa tundu hadi ukingo usipungue mara mbili ya unene, na hadi kwenye kona mara sita. Matabaka hayatalingana kikamilifu kwenye otoklevu (tanuri la shinikizo la kubandikia matabaka), yanateleza kidogo kwenye nyuzi 140 na shinikizo la bar 12 hivi. Tundu la tabaka la kati lifanywe kubwa kidogo kuliko ya nje, kisha nafasi kati ya bolti na kioo ijazwe kwa bushi na chokaa maalumu cha kudunga. Bila hivyo bolti inagusa tabaka moja tu, na tabaka hilo ndilo litakalopasuka, halafu watu watalaumu tempa.

Ukuta wako wa mita 6: shiti kubwa ya kawaida ya float ni mita 6.00 kwa 3.21. Ukitoa kingo za kukata, mbavu ya mita 6 kamili haitoki. Ishushe hadi mita 5.8, malizia kwa kiatu cha chuma juu na chini. Vinginevyo unaagiza shiti za ukubwa maalumu, na tanuri na otoklevu za kuzipokea ni chache. Mfano wa hilo ni mchemraba wa kioo wa Apple pale Fifth Avenue, New York: ulifunguliwa 2006 ukiwa na paneli 90, na 2011 ukajengwa upya kwa paneli 15 tu. Kilichobadilika zaidi ni ukubwa wa mashine za kiwandani.

Kwenye maegemeo, kipande cha mpira cha chini kibebe matabaka yote kwa upana. Kikibeba tabaka moja, uzito wa mengine unaning'inia kwenye utando na unateleza pole pole. Ugumu wa mpira uwe karibu 80 kwa kipimo cha Shore A, vipande viwili kwa kila paneli, kwenye robo za urefu. Mfereji wa chini uwe na matundu ya kutoa maji hata ndani ya jengo, maana wafanya usafi hawana huruma na maji.

Silikoni iwe ya aina isiyotoa asidi. Ile inayonuka siki inashambulia PVB, na ukingo unageuka mweupe. PVB yenyewe ikiachwa ukingo wazi kwenye unyevu wa muda mrefu inafanya hivyohivyo. Ayonoma inavumilia ukingo wazi vizuri zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitumia kwenye vipandio ambavyo kingo zake zinaonekana.

PindaBaridi alijibu:

Nije kwenye mpindo, maana bado haujaguswa. Ndiyo, inawezekana, na kuna njia mbili zinazohitaji utando tofauti kabisa. Watu huzichanganya.

Njia ya kwanza: paneli inaletwa bapa, inapindwa saiti kwa kuisukuma kwenye fremu na kuibana. Jengo la IAC la Frank Gehry pale New York (2007) lilifanywa hivyo. Mkazo wa kudumu unaupata kwa E × t ÷ 2R (E ni ukakamavu wa kioo, t unene, R nusu kipenyo cha mpindo). Kwa tabaka la mm 8 na R ya mita 15 ni 70,000 × 8 ÷ 30,000, yaani karibu MPa 19. Lakini hiyo ni kama matabaka mawili ya 8+8 yanateleza kila moja kivyake. Yakishikamana kabisa, unene unaopindwa ni mm 17.5 na mkazo unapanda hadi MPa 41. Hapa basi ugumu wa ayonoma uliosifiwa hapo juu unakuwa adui: PVB inalegea, inaachia mkazo wa mkato, na kioo kinatulia. Tumia PVB, tena paneli ipindwe taratibu. Mkazo huu ni wa kudumu, na kioo cha kawaida huchoka kwa mzigo wa kudumu. Kwa hiyo tempa nusu kwa uchache. Upepo unajumlishwa juu yake.

Njia ya pili: matabaka bapa yanapangwa juu ya kalibu lenye mpindo, yanabanwa, yanaingia otoklevu yakiwa yamepinda, na utando ukipoa ndio unaoshikilia umbo. Hapo lazima ayonoma, PVB itakuachia. Paa kubwa la kioo mbele ya kituo cha treni cha Strasbourg, Ufaransa (2007) linatumia vioo vilivyopindwa baridi. Tatizo la njia hii ni kurudi nyuma: ukifungua vibano paneli inajinyoosha kidogo, na inaendelea kidogo tena kwa wiki za mwanzo. Kalibu lifanywe kwa mpindo mkali zaidi ya unaotakiwa, na fremu iwe na uwezo wa kurekebishwa. Na kwenye jua kali, kioo chenye rangi nyeusi kinaweza kuvuka nyuzi 55, ayonoma ikalainika, umbo likaanza kuondoka. Kwa hiyo usiiache bila kubanwa kingo zote mbili zilizonyooka.

Kwa R ya mita 15 ningechukua njia ya kwanza. Mpindo ni mdogo, hakuna haja ya makalibu. Ila uwe mpindo wa upande mmoja. Ukianza kuvuta kona moja nje ya ubapa, kioo kinavumilia hadi kiwango fulani, kisha mshazari wake mmoja unajikunja ghafla na mwonekano wa taswira kwenye kioo unaharibika hata kama hakijapasuka.

Kama unataka mpindo uwe nguvu badala ya mapambo, angalia Casa da Música ya Porto (2005): vioo vya mawimbi. Wimbi lenyewe linatoa kina cha kupinga upepo, mbavu zinapungua sana. Hivyo lakini ni vya tanuri la kukunjia, na bajeti yake ni nyingine.

MchoroWaPili alijibu:

Nashukuru sana wakuu, nimebadili mchoro tayari. Maswali mawili ya mwisho. Utelezi: nataka nukta za rangi ya kauri zilizochomwa juu ya vipandio na daraja, zizuie pia watu wa chini kuona juu. Zinapunguza nguvu? Na mteja anaomba sehemu ya ukuta "igeuke maziwa" kwa swichi ili kuzuia jua la mchana. Ni sahihi?

Mkazo_na_Mpindo alijibu:

Zinapunguza, tena sana. Kiwango cha Ulaya kinashusha tempa nusu yenye rangi ya kauri kutoka MPa 70 hadi 45, na tempa kutoka 120 hadi 75. Lakini hiyo ni kwa uso unaovutwa. Kipandio chako kimeegemea ncha zote mbili, uso wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Nukta zikiwa juu, mkazo wa hatari uko upande wa pili wa kioo, uko salama kwa hesabu ya kipandio kizima. Ila kumbuka kila tabaka lina mvuto wake upande wa chini pale yanapoteleza. Kwa hiyo usiweke rangi kwenye nyuso za chini za matabaka ya ndani kwa ajili ya urembo.

Angalizo: mbunifu akibadili mawazo katikati ya safari na kutaka vipandio vinavyoning'inia kutoka ukuta mmoja, kila kitu kinageuka. Uso wa juu ndio unaovutwa, na zile nukta zinakuwa mahali pabaya kabisa. Hesabu irudiwe upya.

Kwa daraja ongeza tabaka la kafara juu, mm 8 hivi, lisilohesabiwa kwenye nguvu. Nukta ziwe kwenye hilo, na liwekwe ili libadilike bila kung'oa paneli ya chini. Kwenye vibaraza vya kioo vya Willis Tower, Chicago, ghorofa ya 103, tabaka la juu la kinga lilipasuka Mei 2014 wageni wakiwa juu yake. Kioo kinachobeba kilikuwa kizima, tabaka la juu lilifanya kazi yake.

Na kabla ya kufunga, tengeneza kipandio kimoja cha ziada. Kiegemeze kama kitakavyokuwa, weka mzigo, vunja matabaka yote kwa patasi ya ncha na nyundo karibu na ukingo, uache mzigo kwa muda ambao mhandisi ameuandika. Kikiwa cha ayonoma na tempa nusu, kitapinda na kukaa.

SaitiNaKiwanda alijibu:

Kuhusu "kugeuka maziwa": hizo ni filamu za fuwele za kimiminika zinazobandikwa kati ya vioo. Umeme ukiwashwa kioo kinakuwa angavu, ukizimwa kinakuwa ukungu mweupe. Kinachofanyika ni kutawanya mwanga, si kuuzuia, kwa hiyo joto la jua linaingia karibu vilevile. Mwambie mteja ni kitu cha faragha, kinafaa chumba cha mikutano. Kwa jua la mchana anahitaji mipako ya kupunguza joto, vivuli vya nje, au kioo kinachojitia giza kwa umeme, ambacho ni teknolojia nyingine na hubadilika kwa dakika badala ya papo hapo.

Akishikilia hiyo filamu, iwe kwenye kioo kisichobeba mzigo. Kingo za filamu ndipo nyaya zinaposhikwa, na ndipo inapokufa: maji au silikoni ya siki ikifika pale, unaona ukanda mweupe usiowaka ukitambaa kutoka ukingoni kwenda ndani. Acha nafasi ya fremu ya mm 15 hadi 20 kuficha kingo, toa njia ya waya juu, si chini kwenye mfereji wa maji, na jaribu kila paneli kwa umeme ikiwa bado kwenye sanduku, kabla haijapanda juu.